Meza ya Pool Uani kwa Bibi

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Ruangwa. Mchana, nikisubiri wali wangu kwenye mgahawa wa karibu na soko, nikasikia mlio ambao nilikuwa sijausikia kwa miaka mingi: ko! mpira umegonga mpira, kisha ule mngurumo mfupi wa mpira ukiteremka ndani ya meza. Niligeuka kama mtu aliyeitwa jina. Vijana wawili walikuwa wanacheza pool, muziki umefunguliwa mpaka vikombe vinatetemeka, na mmoja wao anapiga huku simu ameibana kati ya bega na sikio. Usinicheke, rafiki yangu, lakini nilitaka kuinuka nimnyang'anye ile fimbo. Mtu unapigaje mpira huku unaongea na simu? Wali ukaja, ukapoa mbele yangu. Mimi nilikuwa nimeshafika Nachingwea, uani kwa Bibi, nina sketi ya shule na vumbi la chaki puani.

Meza yetu ililetwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mjomba, kitinda mimba wa Bibi, aliinunua Masasi ikiwa imeshatumika, ikaja juu ya lori lililotoka kupeleka ufuta. Wanaume wa mtaa mzima waliishusha, na kelele zao zilikuwa kubwa kuliko kazi yenyewe. Kitambaa chake cha kijani kilikuwa kimetiwa kiraka katikati, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaizunguka yote bila kuigusa, akauliza, "Na hili dude litalala wapi?" Kwake pool ilikuwa mchezo wa wahuni, na wala hakuficha. Lakini Mjomba alikuwa mwanawe wa mwisho, nawe unajua watoto wa mwisho wanavyopata wanachotaka. Bibi akakubali kwa masharti yake: pombe asiione, kamari asiisikie, na adhana ikilia, fimbo chini.

Hilo la adhana alilisimamia mwenyewe. Mwadhini akianza tu, Bibi huyo anatokea na kanga kuukuu, anaitandaza juu ya meza, na mipira chini yake inabaki palepale ilipo. Alisema wakiiacha wazi wataiwaza mpaka kwenye swala. Vijana wa Kikristo, wengi wao Wamakua na Wamakonde ambao wazazi wao walitokea Msumbiji, walikaa kwenye benchi wakimenya ming'oko, ile mizizi ya porini, iliyochemshwa, na kusubiri wenzao warudi msikitini. Sikumbuki hata mmoja aliyethubutu kuchungulia chini ya kanga ya Bibi.

Wakirudi, Mjomba alikuwa na mchezo wake mwingine. Kabla ya kufunua aliuliza, "Haya, nyeusi iko wapi?" Watu wanaonyesha kwa vidole ulipo ule mpira mweusi wa kumalizia mchezo, mwingine huku, mwingine kule, kisha kanga inaondolewa na vicheko vinaanza. Mimi nilikosea kila siku. Nilikuwa mtoto wa akili za kurukaruka. Mwalimu wetu wa hisabati alizoea kunisimamisha na kuliambia darasa, "Huyu mwili uko Nachingwea, akili iko Ruangwa," na darasa zima linaangua kicheko, nami nacheka nao kwa sababu kulia kungekuwa aibu zaidi.

Lakini ile kanga ilinifanyia jambo. Kwa kuwa nilijua wakati wowote itashuka na kunificha meza, nilianza kuitazama meza ingali wazi. Kuitazama hasa, si kuiangalia tu. Nikawa nakaa kibarazani, nimefumba macho, naipanga mipira kichwani mmoja mmoja, ule wa njano karibu na kona, ule wa milia umejificha nyuma yake. Ilipofika msimu wa mbaazi, Mjomba akiuliza nyeusi iko wapi, watu walikuwa wananigeukia mimi.

Kucheza kwenyewe kulianza wakati wa kupuliza dawa ya salfa, wanaume wote wako kwenye mikorosho na meza imelala haina mtu. Mjomba alikosa wa kucheza naye, akanisimamisha juu ya kreti la soda. Bibi akaja na kitenge, akanifunga kiunoni juu ya sketi mpaka nikashindwa kutanua miguu, akarudi kwenye ungo wake. Mjomba hakuwa mwalimu mpole. "Usiangalie mpira," alisema. "Mpira mkubwa huo! Chagua kisehemu kimoja cha mpira, kidogo kama punje ya ufuta, ukiangalie hicho." Kidevu kishuke mpaka karibu kiiguse fimbo. Pumzi itoke kwanza. Kichwa kisiinuke mpaka mpira ufike unakokwenda. Na lile alilolirudia hadi nikaliota: "Kuamua ni ukiwa umesimama. Ukishainama, umeshaamua. Wazo likikugeuka umeinama, usipige. Simama, uanze upya."

Hilo la kusimama lilinishinda muda mrefu kuliko yote. Ukishainama, watu wanakutazama, mkono unataka kwenda, na kusimama kunaonekana kama woga. Nilipiga mipira mingi nikiwa najua kabisa kwamba sijaamua.

Bibi muda wote huo alikaa ametupa mgongo, anapeta au anachambua choroko, na mimi niliamini hajui lolote kuhusu mchezo ule. Siku moja nilitoka kugombana shuleni, nikaja kucheza na hasira zangu. Bibi, bila kugeuka, akasema, "Leo una haraka. Mipira yako inalia kama vyombo vinavyooshwa na mtu aliyenuna." Mjomba na mimi tukatazamana. Kumbe bibi wa watu alikuwa anatusikiliza tangu siku ya kwanza.

Basi watu wakaanza kusema. Jirani yetu wa upande wa kisimani alisema, shangazi naye akaja kutoka Chiola kusema: mtoto wa kike anainama mbele ya wanaume, na likizo ijayo anaingia unyago na wenzake. Akitoka ndani ni mwali, hiyo meza aiache. Nilikuwa nyuma ya mlango nikisikia kila neno. Nisikudanganye, moyo uliniuma. Sikuwa hodari wa kitu kingine chochote duniani. Kwenye meza ile ndiko nilikoonja kwa mara ya kwanza utamu wa kuwa na akili iliyokaa mahali pamoja, na sasa walikuwa wanataka kunitoa. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, akasema atawajibu akishaona.

Aone nini? Kumbe Mjomba alikuwa amejitapa kwa rafiki yake wa Ruangwa mwenye meza, kwamba nyumbani ana binti anayeweza kumfunga yeyote. Tukaitwa. Nilijua Bibi atakataa. Badala yake alivaa kanga zake mpya, akasema ana ndugu yake huko kijijini Nkowe ambaye hajamwona siku nyingi, na tukapanda gari wote watatu. Nilikaa katikati yao, nikijua kwamba jibu la Bibi liko kwenye safari ile.

Meza ya Ruangwa ilikuwa juu ya sakafu ya saruji, ina kitambaa kipya. Nilipangiwa kucheza na fundi baiskeli, kijana mpole mwenye kucha nyeusi za grisi. Bibi akapewa kiti, na kwa mara ya kwanza akakaa ameielekea meza.

Nikakosa. Nikakosa tena. Mipira niliyoifunga nyumbani nikiwa natafuna muwa ilikuwa inapita pembeni ya shimo kama hainijui. Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya, walicheka tu kama unavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Mjomba aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Bibi alikuwa ananitazama tu.

Ndipo adhana ya alasiri ikalia. Pale Ruangwa mchezo haukuwa na desturi ya kusimama kwa adhana, lakini nani angemweleza Bibi? Aliinuka, akavua kanga ya mabegani, akaitandaza juu ya meza ya watu, akaomba maji ya kutawadha. Mwenye meza mwenyewe akamletea kopo. Mama mzima kama yule utamwambiaje?

Nikakaa kwenye ngazi, nikafumba macho, nikaipanga mipira kichwani kama nilivyozoea. Na pale, kwenye kile kimya, nikaona kosa. Meza yetu ya nyumbani iliinama kuelekea jikoni. Mjomba aliweka kipande cha tofali chini ya ule mguu mfupi, mvua ikanyesha, tofali likazama, na sisi tukazoea kulenga pembeni kidogo ili mteremko umalizie kazi. Sikuwahi kujua kwamba nafanya hivyo. Meza hii ilikuwa imenyooka. Mpira ulikuwa unakwenda pale pale ninapoulenga, na mimi nilikuwa naulenga mahali pasipo sahihi.

Kanga ilipoondolewa nikalenga moja kwa moja. Mpira wa kwanza ukaingia, vicheko vikapungua. Ukafuata mwingine, na mwingine. Fundi baiskeli akaacha kuegemea ukuta. Hatimaye ikabaki nyeusi, imelala karibu na kona ya mbali. Nikainama. Pumzi ikatoka. Kisha mkono ukaikumbuka meza ya nyumbani, wazo likanigeuka, na nikajua kabisa kwamba sijaamua. Nikasimama. Kuna aliyecheka, kuna aliyesema, "Kaogopa huyo." Nikaizunguka meza, nikaitazama upya, nikaamua, nikainama tena, nikapiga.

Nyeusi ikaenda vizuri kabisa, ikasimama mdomoni mwa shimo. Hata sasa nikiikumbuka nataka kuipuliza. Fundi baiskeli aliimalizia, akanipa mkono wake wenye grisi, akasema, "Dada, siku nyingine sitaki kucheza na wewe." Sikulia hapo. Nililia njiani, nimeelekea dirishani.

Siku zilizofuata shangazi na jirani wakaja kuchukua jibu lao. Bibi aliwakaribisha mkekani na mimi akaniita nikae, niisikie hukumu yangu kwa masikio yangu. "Nimekwenda, nimeona," alisema. "Amefungwa. Lakini nilimwona ameshainama, watu wamemtolea macho, moyo ukamwambia hapana, akasimama. Wakamcheka, akaanza upya. Unyago ataingia kama wenzake, na somo wake atamfundisha ya kumfundisha. Lakini mtoto anayeweza kujizuia hivyo mbele ya wanaume, mimi meza simwondoi. Mwacheni."

Wakamwacha. Nikaingia, nikatoka, nikavikwa nguo mpya, na wiki ile ile nikarudi mezani. Nilicheza mpaka nilipopata nafasi ya sekondari ya bweni. Kule nako mwalimu wa hisabati alikuwa mkali, ila huyu hakuwahi kunituma Ruangwa.

Nilipomaliza kazi zangu kwenye safari hii ya juzi, nilipitia Nachingwea. Bibi alishatangulia mbele ya haki, Mjomba yuko Masasi na sukari yake, na meza ilikufa kifo cha mbao na mchwa. Ua lenyewe limeuzwa. Pamejengwa fremu za maduka, na kwa kukadiria kwangu, pale ilipokuwa meza sasa ni saluni ya kike. Nilisimama mlangoni kama mjinga. Nimetazamwa na watu wengi maishani, kwenye usaili, kwenye ndoa, kazini, na wengi walikuwa wameshaamua kabla hawajanitazama. Bibi alipanda gari mpaka Ruangwa kunitazama kwanza. Sidhani kama niliwahi kumwambia asante kwa hilo, kwa sababu nilikuwa mtoto, nilidhani watu wote hufanya hivyo.

Binti wa saluni akaniuliza, "Mama, unasuka?" Nywele zangu zilikuwa zimesukwa vizuri tu, hata wiki haijaisha. Nikamwambia ndiyo, zifumue zote, nikaingia, nikakaa.