Maji ya Moto ya Mume Wangu

Nilimwonea kijicho shoga yangu wa ghorofa ya juu, na sioni haya kusema. Sote tulitoka Mombasa, sote tulipanga nyumba moja kule Kilburn, London, na tuliolewa karibu wakati mmoja, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Yeye alikuwa na mimba ya tatu. Mimi sikuwa na hata moja. Kila nikiwasikia wanawe wakikimbia juu ya kichwa changu, roho ilikuwa ikiniuma hasa.

Kilichonikera zaidi ni kwamba mwanamke yule hakujishughulisha na mumewe. Mwanamume akirudi kazini alijipakulia mwenyewe, akaoga shawa harakaharaka, akalala. Mimi mama alinilea kwamba mume akirudi akute maji ya kuoga tayari. Nyumbani ilikuwa ndoo moja ya maji ya uvuguvugu, anajimwagia kwa kata, basi. London kuna hodhi, na kuna baridi. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala la vyakula vya barafu, akirudi anatetemeka. Namjazia hodhi maji ya moto mpaka kioo cha bafuni hakionyeshi mtu kwa mvuke, naye anakaa humo akisikiliza redio hadi vidole vinakunjamana. Kila jioni, miaka yote hiyo.

"Bibi wee, wamdekeza mno," shoga yangu alinitania. "Wangu hata soksi zake ajitafutia."

Nilicheka. Moyoni nikasema, na bado Mungu anakupa wewe.

Tulikwenda kliniki wakanipandikiza mimba. Ikashika, ikatoka changa. Daktari akataka mbegu za mume wangu zipimwe upya. Nilishangaa, maana tulishaambiwa ni nyingi na zina mbio. Daktari, mama mpole, alieleza kwamba mbegu yaweza kuwa na mbio na bado DNA iliyomo ndani imekatikakatika. Yai hurutubika, lakini mimba haifiki mbali. Akauliza, mume anavuta sigara? Havuti. Anapata homa kali? Hapana. Anakaa kwenye maji ya moto?

Mume wangu akanigeukia, akaangua kicheko. "Daktari, huyu ananichemsha kila siku!"

Mimi sikucheka. Ala! Kumbe ule uvivu wa shoga yangu ndio uliombariki? Daktari alisema joto huziharibu mbegu; hawezi kuapa kuwa ni maji peke yake, ila tuyaache, tungoje mbegu mpya zikomae, miezi mitatu hivi, ndipo tujaribu tena. Nilitoka pale nimemkasirikia shoga yangu kana kwamba yeye ndiye aliyefungua bomba.

Jaribio la pili lilishika, likakaa. Mtoto wa kike akazaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo wa kutisha, akawekwa kwenye kile kisanduku cha kioo cha kuwapasha joto watoto njiti, mipira ya hewa puani. Nilimuuliza daktari wa watoto kama ni zile mbegu. Akasema sayansi haijafika hapo, hakuna awezaye kujua. Nilitaka jibu, hata kama ni baya.

Shoga yangu alikuja na kanga mpya, akalia kunishinda. Sikuwa na nafasi ya kumwonea kijicho. Wivu wote ulikuwa kwa nesi. Nesi ndiye aliyembadilisha nepi, ndiye aliyepitisha mikono kwenye vile vitundu akamgusa mwanangu kana kwamba kamzaa yeye. Mimi nimekaa kitini, maziwa yananichuruzika, natazama tu. Siku moja nikashindwa.

"Umeshamshika vya kutosha," nilimwambia. "Nami nipe."

Hakukasirika. Aliniambia nifungue vifungo vya blauzi, akamtoa mtoto na mipira yake yote, akamlaza kifuani pangu. Mwanangu akashusha pumzi. Nesi akanyoosha mkono amweke kichwa sawa, nami nikausukuma.