Hafsa Azamisha Lori Lake

Hafsa wa kijiji cha Moa alivua pweza tangu usichana wake, mpaka wavuvi wa baruti walipolipua matumbawe na pweza wakatoweka. Lori alilonunua baadaye kubebea mizigo lilipochakaa, kaka yake Masoud alitaka liuzwe chuma chakavu. Hafsa akakataa, akakipa kikundi cha kijiji kilizamishe baharini ili samaki wapate makazi.

Siku ilipofika, lori lililong'olewa injini lilisukumwa kutoka kwenye tishari, chombo bapa cha mizigo, likatumbukia chubwi. Hafsa alitazama kutoka mashuani, kifua mbele.

“We Hafsa, umetupa mali baharini!” Masoud alifoka kando yake.

“Mali yangu, kaka. Na hao wa baruti wakithubutu kurudi, watanikuta hapahapa.”

Hafsa hakuondoka mpaka povu lilipoisha juu ya maji.