Kikohozi cha Kaka

Darasani walimwita Polepole, na jina likamkaa. Hesabu ambayo wenzake waliimaliza kabla ya kengele, yeye alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Mwenye kichwa alikuwa kaka yake. Jioni walikaa kwenye meza ya jikoni, Polepole akikokotoa kwa sauti, kaka akisikiliza huku ametazama dirishani. Hakuwahi kumwambia amekosea. Alikohoa tu, kikohozi kidogo kikavu, na Polepole akafuta.

Nyumba nzima ilijua nani angekwenda kusoma ng'ambo. Homa ilimchukua kaka begi lake likiwa limeshafungwa. Akabaki mtoto mmoja, na alipomaliza chuo alileta cheti ambacho hata shangazi, mtu wa kusifia kila kitu, alikitazama kwa muda kisha akasema, "Si haba, mwanangu. Si haba."

Polepole alipata kazi kwenye kiwanda cha matofali, na kutoka huko akaomba nafasi ya shahada ya pili vyuo vya nje. Wakamkataa. Akaomba tena, wakamkataa tena, mpaka majirani wakaacha kumuuliza. Mwishowe chuo kimoja kikampokea kwa majaribio: akianguka popote, afungashe virago.

Huko alipewa kona ya maabara yenye tanuri dogo, achunguze kwa nini matofali ya udongo hupasuka. Mwanzoni alikuwa hoi. Wenzake walizungumza mambo ambayo yeye hakuyajua hata kwa jina. Mchana mmoja, akiandika uzito wa tofali, alisikia kikohozi nyuma yake. Kidogo, kikavu. Aligeuka. Palikuwa na koti la mtu kwenye msumari, basi. Alipotazama alichoandika, alikuwa amegeuza tarakimu.

Hakumwambia mtu; angeanzia wapi? Kikohozi kikija, alifuta. Kikirudi, alianza upya. Aliogopa, tusidanganyane, na kuna siku aliuacha mlango wazi ili apate pa kukimbilia. Lakini alibaki, na mitihani aliipita mmoja mmoja, kwa jasho.

Kazi yote ilipokamilika na profesa wake ameridhika, kikohozi kikakataa kunyamaza kila alipozigusa tarakimu za joto la tanuri.

"Naomba kuchoma matofali upya," alimwambia profesa.

"Yote? Kwani kuna nini?"

"Kipimajoto cha tanuri sikiamini."

"Ukichelewa nitashindwa kukutetea. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Alichoma upya kwa kipimajoto kingine. Kile cha kwanza kilikuwa kinadanganya, na majibu yake yote ya awali yangetupwa mbele ya watahini.

Siku ya kutetea tasnifu ilifika. Mtahini mkuu, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho, aliuliza swali ambalo Polepole hakuwahi kujiuliza. Akaanza kujibu kama walivyokuwa wakifanya jikoni, hatua kwa hatua, sikio lake likiwa nyuma. Kimya. Akafika mwisho. Bado kimya. Alijua amepatia, na moyo ukamuuma.

Walipomtangazia kuwa amefaulu, alimpigia mama yake.

Mama alilia, akacheka, akamshukuru Mungu, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, usinione nimechanganyikiwa. Miaka hii yote nilikuwa namsikia kaka yako akikohoa hapa jikoni. Leo tangu asubuhi sijamsikia."

Polepole akasema simu inakatika.

Alirudi kwenye kona yake ya maabara. Tanuri lilikuwa limepoa, na lile koti halikuwepo. Akachukua karatasi, akaandika hesabu ya mtoto wa shule, akaweka jibu la uongo makusudi. Akasubiri. Watu walipita nje wakicheka. Akaongeza kosa jingine, kubwa kuliko la kwanza, akalisoma kwa sauti.

"Nimekosea, kaka," akasema. "Nimekosea. Tazama."