Bwana Poda Alipozama Kivukoni

Hadi leo nikinusa poda ya mtoto, nabana pumzi. Msicheke. Harufu hiyo hunirudisha Kivukoni, miaka ile ya hamsini, nikiwa binti wa miaka saba, nimeketi ukingoni mwa mto na bakuli la wali wa baba.

Wazungu walikuja kupiga sinema. Baba, ambaye kwa kasia hakuwa na mpinzani kutoka Ifakara hadi mwisho wa dunia, akapewa kazi ya kumbeba mtumbwini mwigizaji wao, mzee kutoka Uingereza. Akaniahidi gauni. Kila asubuhi mzee yule alipakwa poda debe zima, tukamwita Bwana Poda. Mkalimani alitusimulia kwamba alipanda jukwaani akiwa mdogo kama mimi, akishika taa ya mfalme, na tangu hapo amekufa mara nyingi kuliko kuku wa Krismasi: kwa upanga, kwa sumu, hata kwa mapenzi.

"Leo anakufa maji," mkalimani alimwambia baba. "Akianguka, mzee, usimguse. Ukimgusa umeharibu picha, na kazi huna."

"Na akifa kweli? Polisi niwaambie ulikuwa mchezo?"

"Huyo? Kufa ndiyo kazi yake."

Wali ukapoa mapajani mwangu.

Bwana Poda akaanguka. Alipiga kelele, akapunga mikono, Wazungu wakatabasamu. Kisha akanyamaza. Poda ilitanda majini kama maziwa. Mdomo wake ulikuwa wazi, hautoi kitu, na macho yalimtazama baba tu.

"Anajua kuigiza huyu," mkalimani akasema.

Baba alikuwa amesimama na kasia. Nilibana pumzi, naapa, saa nzima. Ndipo akalitupa kasia na kujirusha.

Bwana mkubwa wa picha alifoka hadi viboko wakahamia Idete. Baba akafukuzwa palepale, huku Bwana Poda, akitapika maji, amelikamata shati lake na hataki kuliachia.

Njiani nilimuuliza baba alijuaje.

"Aliponyamaza, mama. Mtu anayezama kweli hana pumzi ya kupiga kelele."

Nilimnunia wiki nzima kwa ajili ya gauni langu.

Ukubwani, nikisoma shule ya usiku Dar es Salaam, niliiona sinema ile. Bwana Poda aliponyamaza majini, ukumbi mzima ulimpigia makofi kwa kuigiza vizuri. Mimi nililia peke yangu, nikisubiri. Picha ikakatwa kabla mkono wa baba haujafika.