Udongo wa Kupelekea Wageni

Florent Kambale amepima kaboni na naitrojeni ya udongo kwa miaka kumi na minne, katika maabara ndogo ya Goma, na amechoka. Amechoka kukausha, kuchekecha, kusubiri umeme urudi na kuanza upya. Mkewe humuuliza nani atakula hizo namba.

Jumatatu alifungua kifuko cha Mama Bénita, mkulima wa Kibumba. Shirika moja lilikuwa linagawa samadi kwa mashamba ambayo vipimo vya Florent vilionyesha yamechoka, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa. Udongo ule ulikuwa mweusi, laini, umepepetwa kama unga. Akaudondoshea asidi, kama afanyavyo siku zote kabla ya kupima kaboni. Ukatoa povu. Udongo wa mashamba ya Kibumba hautoi povu. Majivu ndiyo hutoa. Angeweza kunyamaza tu, kuandika kwamba shamba lina rutuba na kwenda zake nyumbani. Hata mimi ningeshawishika. Lakini alipiga simu.

"Mama, huu udongo mulitoa wapi?"

"Nyuma ya jikoni, papa, kwenye tunamwangaka majivu."

"Niliomba wa shamba."

"Ule wa shamba ni mubaya. Nitatuma vile kwa watu ya biro ya Goma? Nilisikia haya, aibu."

Florent akafumba macho. Watu wa kule hawampi mgeni kiazi kibovu, na yeye alikuwa ameomba kibovu chenyewe.

Kesho yake Mama Bénita alikuja mwenyewe, pikipiki imemrusha njia nzima mpaka kiuno kinamuuma. Udongo aliofunga kwenye kitambaa ulikuwa mkavu, umepauka. Florent akarudia kazi yote. Umeme ulikatika mara mbili, akalaani mara mbili. Alhamisi mchana namba zikatoka: kaboni kidogo, naitrojeni karibu hakuna. Akampigia simu.

"Mama, mutaingia ku liste ya samadi. Itafika."

"Udongo wangu ni muzuri?"

"Hapana, mama. Ni mubaya sana. Ndiyo maana."

Florent alisikia kuku wakilia upande wa pili wa simu, akatamani angelisema vingine.

"Papa," mama akasema mwishowe, "andika basi hapo kando kama nalimaka. Kila siku nalimaka."

Fomu haikuwa na nafasi ya jambo hilo, kwamba mama hulima kila siku. Florent akaliandika pembeni, kwa herufi ndogo, akapiga muhuri juu yake.