Wadudu wa Tumbo Langu

Neno lilitoka kwa daktari, si kwangu. Miezi kadhaa baada ya operesheni ya kupunguza tumbo, alikuwa ananieleza kwa nini sukari yangu ilishuka hata kabla sijakonda: homoni zimebadilika, na wadudu wanaoishi matumboni nao wamebadilika, wengine wamepungua, wengine wamezaana. Akasema huenda nao wanasaidia, ila wataalamu bado wanawachunguza. Mama mkwe, aliyejileta kwa daktari bila kualikwa, katika maneno yote hayo aliokota moja tu: wadudu.

Ijumaa tukaenda kula kwao, mtaa wa Asiatique, ghorofani juu ya duka lao la vitambaa. Habari ilikuwa imenitangulia. Na mjini kwetu ukikonda halafu ukasemwa una kadudu, nani atafikiria utumbo? Wanafikiria sida, ukimwi.

Tukakaa kwenye sinia, wanawake na watoto. Binti yangu wa miaka mitatu amezoea tonge la mkono wangu. Nilipomnyooshea, mama mkwe akamvutia mapajani kwake.

"Apana, mukazamwana. Mutoto atakula na mi."

"Juu ya nini?"

"Si docteur alisema uko na badudu? Nilisikia na masikio yangu!"

"Hata we uko nabo, mama. Tumbo yako imejaa."

Wifi yangu akapaliwa na soda yake ya pili. "Ee! Sasa anatupatia sisi bote!"

Watu wa kupima vitambaa, leo wamekuwa maprofesa wa matumbo. Nilipokuwa mnene kama gunia, sukari ikinitia ukungu machoni, walinisifu kwamba mtoto wao, mume wangu, ananilisha vizuri. Hakuna aliyenivuta mkono kwenye pilau yao. Nimepata nafuu, ndipo wananiogopa.

Wifi akaniletea chakula changu peke yangu, kwenye sahani ya plastiki iliyotafunwa ukingo. Naijua sahani ile. Ni ya paka.

Mtoto akanikazia macho. "Mama, badudu yako inauma?"

"Apana. Inanichunga."

Akajichomoa mapajani kwa bibi yake, akaja, akafungua mdomo. Nikamlisha kutoka sahani ile ile, tonge kwa tonge, mbele ya macho yao yote, mpaka akashiba.

"Astaghfirullah," akasema mama mkwe.

"Unamuombea nani," nikamuuliza, "mutoto ao paka?"