Kiti cha Sechelela

Siku ya kwanza kazini nilisimama nyuma ya wenzangu wote. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, na nilikuwa na aibu ya kusema mbele za watu. Uwanja wa meli za anga ulikuwa kwenye mbuga kavu ng'ambo ya Mtumba, na vumbi jekundu lilitufika hadi kwenye meno. Msimamizi wa Karakana, mama mmoja wa Kondoa, alituonyesha chombo cha kuokolea, kile ambacho watu hukimbilia meli ikiharibika huko juu. Kilikuwa cha mviringo, kikifanana na kihenge cha kuhifadhia mtama, na mafundi walikiita hivyo hivyo.

"Shikamoo, mama," tulimsalimu.

"Marahaba. Mpira wa kuziba mlango usiwe na vumbi, na viti viwe vitupu. Mengine mtajifunza."

Sechelela wa Miyuji, tuliyeanza naye siku hiyo, akanitazama akacheka. "Na huyu asiyeongea, mama, mpira ukivuja atasemaje?"

"Utamsemea wewe."

Na kweli alinisemea miaka yote. Tulifuta mpira kwa kitambaa chenye maji. Mafuta hatukutumia, maana mafuta hushika vumbi. Kisha mimi nilijaza hewa ndani kwa pampu, naye akalowesha shavu na kulipitisha polepole nje ya mpira. Hewa ikitoka hata kidogo, shavu huhisi ubaridi. Shavu la Sechelela halikukosea.

Baadaye tulihamishiwa melini, safari za kituo cha Mwezini. Huko tulimkuta Meneja wa Mizigo. Safari moja alikuwa na wageni wakubwa waliokwenda kwenye sherehe, basi akang'oa viti vya kihenge cha mwisho, akajaza masanduku yao na makreti ya mvinyo wa Dodoma.

"Bosi, hapa ni pa watu," Sechelela alimwambia.

"Si ninyi wenyewe mnakiita kihenge? Kihenge ni cha kuwekea vitu, dada yangu."

Wageni wakacheka. Tulikwenda kwa Mkuu wa Meli. Hakugeuza hata kichwa. "Safari ni fupi. Tukirudi mtarudisha viti vyenu."

Moto ulianzia chumba cha injini kabla hatujafika mbali. Vihenge vingine vilijaa watu vikaondoka, na Mkuu wa Meli alikuwa katika kimojawapo. Kikabaki hicho cha mwisho. Meneja alikuwa ameshajipenyeza ndani, amekalia sanduku. Mimi niliingia nikawa navuta makreti, Sechelela akiwa nje anayapokea na kuyatupa ili apate pa kukaa. Moshi ukafika mlangoni. Mlango wa kihenge hujifunga wenyewe ukinusa moshi, na ule tuliutunza sisi. Ulijifunga vizuri. Mpira haukuvuja.

Mimi na Meneja tulianguka salama porini, upande wa Kolo. Meneja alilalamikia mgongo.

Mwaka uliofuata alikuwa Mkurugenzi. Wakajenga ukumbi wakaupa jina la Sechelela. Kila sherehe wanasimama na kusema alijitoa mhanga kwa ajili ya wenzake. Uongo. Hakujitoa. Alikuwa anasubiri kiti chake. Wanaomwita shujaa wanataka ionekane alichagua, ili asitafutwe aliyeng'oa viti. Nina hasira nao mpaka leo, na sitaki iniishe.

Hafla ya kuniaga ilifanyika katika ukumbi huo huo. Kile kihenge chetu wamekiweka mlangoni, kimepakwa rangi, wageni wanapiga nacho picha. Mkurugenzi aliponiita niseme neno, nilitoka nje nikakifungua mlango.

Ndani kulikuwa na makreti ya soda za hafla. Wameyaweka humo yasipigwe na jua.

Mkurugenzi alinifuata mbio. "Mzee wetu, acha bwana. Vijana watayatoa baadaye."

"Baadaye lini?" nilimuuliza. Sauti yangu ilifika hadi kwa waliokaa nyuma kabisa mle ukumbini.

Nikaingia, nikaanza kuvuta kreti la kwanza. Binti mmoja mwanafunzi wa ufundi, ovaroli yake bado ina mikunjo ya dukani, alikuja mlangoni akanyoosha mikono.

"Nipe nikupokee, babu."

Nilimwambia aingie ndani kwanza, akae, ndipo tuendelee.